Vyumba Viwili Juu ya Njia ya Maji

Kila asubuhi, jua likichomoza tu, Bujiku Maganga alikuwa ameshaingia kwenye tope hadi magotini. Kazi yake ilikuwa kufyatua matofali. Alichimba udongo kwenye ukingo wa korongo nyuma ya nyumba yake, akaukanyaga, akaujaza kwenye kalibu, kisha akayaanika matofali juani. Yakikauka aliyapanga tanuru na kuyachoma kwa magogo. Moshi ulijaa mtaa mzima. Mke wake Milembe alikohoa. Watoto wao wawili walikohoa. Lakini matofali yalinunuliwa.

Yangekosaje wanunuzi? Mji wa Bariadi ulikuwa unakua. Watu walihamia kutoka Lagangabilili, kutoka Mwanhuzi, kutoka vijiji vya pamba. Pale Mwabuligi, mtaa wa pembeni alikoishi Bujiku, kila mwezi kulikuwa na msingi mpya. Hakuna aliyepimiwa kiwanja. Mtu alinunua eneo, akahesabu hatua kwa miguu, akaanza kujenga.

Kati ya nyumba ya Bujiku na ya jirani yake, Mayu Kwandu, kulikuwa na upenyo mpana. Ulikuwa chini kidogo kuliko viwanja vyao. Ulianzia barabara kuu, ukateremka katikati ya nyumba zao mpaka kwenye korongo. Wakati wa kiangazi watu walipita hapo kwenda sokoni. Wakati wa mvua maji ya juu yote yalipita hapo kwenda korongoni.

Bujiku, aliyeununua pamoja na kiwanja chake, aliuona upenyo ule kama eneo lililolala bure. Mwezi wa nane aliujengea vyumba viwili vya kupangisha, ukuta hadi ukuta.

Mayu Kwandu alikuwa mjane mwenye mvi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kama mhudumu katika wodi ya wazazi, kabla ya kustaafu. Siku ya pili ya ujenzi alitoka nje, akasimama kando ya msingi.

"Mwangaluka, mayu," Bujiku alimsalimia, kama mtu anavyomsalimia mama yake asubuhi.

"Mwangaluka, ng'wana Maganga," mjane alijibu, akimwita mwana wa Maganga. "Hapo unapojenga, maji yatapita wapi?"

"Yatatafuta pa kupita, mayu."

"Pa kupita ndipo hapo unapopaziba. Ukipaziba, yatakuja kwangu."

"Eneo ni langu. Nimelinunua kwa jasho langu."

"Umelinunua, sijakataa. Lakini mimi nimekaa hapa miaka thelathini. Nayajua maji ya hapa."

Bujiku aliinama, akaendelea kupanga matofali. Mayu Kwandu akarudi ndani kwake.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi. Haikuwa kubwa. Hata hivyo maji yaligonga ukuta mpya, yakageuka, yakaingia jikoni kwa Mayu Kwandu na kuloanisha unga wake wote. Bujiku alipita asubuhi akampa pole kutoka barabarani, wala hakusimama. Tangu siku hiyo Mayu Kwandu hakumsalimia tena.

Wiki moja baadaye walikuja wageni wawili. Mmoja alikuwa Yakobo, mwenyekiti wa mtaa. Mwingine alikuwa dada mmoja kijana, amevaa buti za mvua, na mkononi ana ramani iliyokunjwa. Jina lake Goodness. Alikuwa afisa mipango miji wa halmashauri.

Goodness alizunguka vyumba vile viwili. Akaenda nyuma, akaangalia shimo la udongo, akaangalia korongo. Kisha akatoa kopo la rangi, akachora alama ya X nyekundu ukutani.

Bujiku alitupa kalibu chini. "Unafanya nini, dada? Hii ni nyumba ya mtu!"

"Samahani, kaka. Naomba unisikilize kwanza."

"Unanichorea ukuta halafu unataka nikusikilize?"

"Tulia, ng'wana Maganga," Yakobo alisema. "Msikilize mtaalamu."

Goodness alinyoosha mkono kuelekea juu, upande wa barabara. "Zamani kule kulikuwa na nini?"

"Mashamba," Bujiku alijibu kwa shingo upande. "Na malisho ya ng'ombe."

"Mvua ikinyesha, udongo na nyasi vilikunywa maji. Yaliyobaki ndiyo yalipita hapa. Sasa kule kuna mabati matupu. Bati halinywi maji, kaka. Maji yote yanateremka kwa mara moja. Kabla ya nyumba hizo kujengwa yalikuwa kidogo na yalikuwa na njia. Leo ni mengi na njia umeifunga."

Bujiku alitazama juu, kwenye mabati.

"Jambo la pili ni hilo shimo lako," Goodness aliendelea. "Kila toroli la udongo unalotoa ukingoni linalisogeza korongo kwenye nyumba yako. Na kuni za tanuru umezikata wapi?"

"Hapo hapo korongoni. Zilikuwepo."

"Mizizi ya miti hiyo ndiyo iliyoshika ukingo."

"Kwa hiyo nisifanye kazi? Watoto wangu wale alama yako ya X?"

"Sijasema usifanye kazi. Tunaanza urasimishaji wa makazi katika mtaa huu. Wananchi mtakaa wenyewe, mtakubaliana barabara zipite wapi, na maji yapite wapi. Kila mmoja atatoa kipande kidogo cha eneo lake. Halafu viwanja vitapimwa, kila mtu apate hati yake. Nakuomba uje kwenye mkutano."

Bujiku alikwenda kwenye mkutano, lakini alikwenda kupinga. Alisimama mbele ya watu akasema serikali inataka kuwanyang'anya ardhi. Watu wengi walimpigia makofi. Mkutano ukavunjika kwa kelele, na hakuna aliyeweka sahihi.

Nyumbani Milembe alikuwa anamsubiri. Alikuwa na ujauzito wa miezi minane na nusu. Miguu ilikuwa imevimba.

"Baba Nancy," alisema, "ukinipeleka hospitali utanipitisha wapi?"

"Si kwenye uchochoro wa kina Shija?"

"Uchochoro ule mtu anapita kwa ubavu. Mimi na tumbo hili nitapita? Na ile siku nilipomzaa Nancy nilitoka damu nyingi, unakumbuka. Kliniki wameniandika kwenye kadi. Wamesema nisithubutu kuzalia nyumbani."

"Bado wiki tatu. Tutapanga."

Jioni ile Bujiku alitoka peke yake. Alisimama kwenye ukuta wa choo, akahesabu hatua hadi ukingo wa korongo. Zilikuwa tisa. Mwaka jana alipochimba choo kile zilikuwa ishirini. Alihesabu mara ya pili akitumaini amekosea. Zilikuwa tisa. Alirudi ndani, na hakumwambia mtu.

Siku kumi zilipita. Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. Watoto walikuwa shuleni. Mvua ilianguka kwa kishindo. Bujiku alikimbia kufunika matofali yake mabichi kwa turubai, lakini maji yaliyafikia kabla yake. Matofali ya wiki nzima yakarudi kuwa tope.

Ndipo aliposikia Milembe anaita.

Alimkuta ameshika nguzo ya mlango, ameuma midomo. "Imeanza," alisema. "Na naona damu."

Bujiku alipiga simu kwa dereva wa bajaji. Dereva alifika haraka, lakini aliishia barabara kuu.

"Kaka, siwezi kushuka," alisema kwenye simu. "Mbele yangu kuna ziwa. Maji yamejaa mpaka kwenye ukuta wako. Mlete mgonjwa huku juu."

Bujiku alitoka mbio. Kweli kulikuwa na ziwa. Maji yote ya juu yalikuwa yamekuja kwenye upenyo, yakakuta vyumba vyake viwili, yakasimama. Yalikuwa yamefika kiunoni. Yalikuwa yameingia kwa Mayu Kwandu, na sasa yalikuwa yanapanda kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Alikimbilia uchochoro wa kina Shija. Ulikuwa mwembamba na umejaa tope. Kumpitisha mtu aliyelala isingewezekana.

Alirudi akihema. Ndani alimkuta Mayu Kwandu amepiga magoti kando ya Milembe, nguo zimelowa hadi kifuani. Alikuwa amevuka maji kutoka nyumba yake iliyofurika.

"Mayu..." Bujiku alianza.

"Usiongee. Damu hii si ya kawaida. Akikaa hapa tutampoteza yeye na mtoto. Anatakiwa hospitali sasa hivi."

"Hakuna njia, mayu! Maji yamefika kiunoni!"

Mayu Kwandu alimtazama. Hakupandisha sauti. "Njia ipo. Wewe unajua iko wapi."

Bujiku alisimama kama aliyepigwa kofi. Kisha alichukua nyundo yake kubwa ya mawe, akatoka kwenye mvua. Njiani alimkuta Yakobo amekuja na sururu.

"Tuvunje," Bujiku alisema.

"Una hakika?"

"Tuvunje, mwenyekiti!"

"Simameni pembeni!" Mayu Kwandu alipiga kelele kutoka mlangoni. "Msikae mbele ya maji! Vunjeni upande wa korongo, mmoja kulia, mwingine kushoto!"

Bujiku alipiga nyundo ya kwanza chini ya ukuta. Akapiga ya pili. Alikuwa ameyafyatua matofali yale mwenyewe, moja moja, na plasta ilikuwa bado mpya. Alipiga huku analia, na mvua ikimwosha uso. Yakobo alichimba kwa sururu upande wake. Tofali moja lilichomoka. Maji yakatoka kwenye tundu lile kama bomba lililopasuka.

"Rudini nyuma!" Mayu Kwandu alipiga kelele.

Walirukia pembeni. Ukuta ulipinda, ukatoa sauti kama mbao inayovunjika, ukaanguka wote. Maji yalipita yakinguruma, yamebeba milango, mbao za paa na mabati. Yalipofika korongoni, ukingo uliochimbwa haukuhimili. Kipande kikubwa cha ardhi kilimeguka, na choo cha Bujiku kikazama nacho. Kilipotea kama hakijawahi kuwepo.

Kwa dakika chache ziwa lilishuka. Maji yalikuwa sasa ya kifundoni.

Walimlaza Milembe juu ya mlango wa ndani walioung'oa. Bujiku alishika mbele, Yakobo na jirani mwingine wakashika nyuma. Mayu Kwandu alitembea kando, ameshika mkono wa Milembe.

"Usilale, mwanangu. Nitazame mimi. Sema jina lako."

"Milembe," alijibu kwa sauti ndogo.

"Sema tena."

Bajaji iliwapeleka hospitali. Milembe aliingizwa chumba cha upasuaji, na Bujiku akabaki kwenye benchi, matope yamekauka miguuni. Alimtazama usoni kila muuguzi aliyepita, akitafuta habari. Mayu Kwandu aliketi pembeni yake.

"Mayu," hatimaye Bujiku alisema, "nilikuzibia njia ya maji ukafurikiwa. Na wewe umekuja kwangu."

"Nilikuja kwa Milembe," Mayu Kwandu alijibu. Kisha akaongeza, "Ningekuja hata kama ni wewe."

Mlango ulifunguliwa. Daktari alisema mama ameongezewa damu na anaendelea vizuri. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo lakini mzima.

"Mngechelewa nusu saa," daktari alisema, na hakumaliza sentensi.

Mtoto aliitwa Kabula, kama wanavyoitwa wasichana wa Kisukuma wanaozaliwa mvua ikinyesha.

Milembe alipotoka hospitali, Bujiku alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mipango miji. Goodness alishtuka kumwona.

"Dada, nimekuja," alisema. "Nieleweshe tena. Safari hii nitasikiliza."

Goodness alitandaza picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani. Alimwonyesha nyumba zote, na mstari wa buluu ukipita katikati yake. "Huu ndio mkondo wa maji. Tukiuacha wazi, tukauchimba vizuri, tukaotesha ukoka kwenye kingo zake, maji yatapita bila kula udongo. Pembeni yake tutapitisha barabara. Gari la wagonjwa litaingia, la zimamoto litaingia. Kando ya korongo tutapanda mikuyu na mianzi ili mizizi ishike ardhi. Hapo hatujengi wala hatuchimbi."

"Na choo?"

"Kijenge mbali na ukingo, upande wa juu. Maji yakibeba choo, yanabeba na kipindupindu."

Bujiku alifuata mstari wa buluu kwa kidole hadi kwenye korongo. Kisha akasema lililokuwa linamnyima raha. "Nisipochimba pale, nitaishi kwa nini? Mimi najua matofali tu."

"Nani amekuambia uache matofali? Acha kuchoma. Yupo fundi mmoja mjini Maswa, pale Binza, anaitwa Marcelo. Anafundisha matofali ya kushindilia kwa mashine ya mkono. Huhitaji hata ukuni mmoja."

Bujiku alikwenda Binza akakaa wiki mbili. Marcelo alimwonyesha namna ya kuchekecha udongo mwekundu wenye mchanga, kuuchanganya na saruji kidogo, na kuushindilia kwenye mashine mpaka tofali litoke gumu na laini pande zote. Udongo wenyewe ulitoka kwenye machimbo yaliyoruhusiwa, mbali na makazi na mito.

Aliporudi Mwabuligi na mashine ya kukodi, tofali zake za kwanza zilipasuka. Zilipasuka karibu zote. Majirani walicheka. Bujiku alimpigia simu Marcelo kwa hasira.

"Umeziacha juani?" Marcelo aliuliza.

"Si zikauke?"

"Hapana, bwana! Hizi si za kuchoma. Ziweke kivulini, zifunike kwa nailoni, uzimwagie maji kila siku kwa wiki nzima. Saruji inakaza kwa maji. Halafu ziache wiki mbili nyingine kabla ya kujengea."

Bujiku alifanya hivyo. Awamu ya pili hazikupasuka. Alichukua moja akaiangusha sakafuni mbele ya wale waliomcheka. Haikuvunjika.

Mkutano wa pili wa mtaa ulikuwa mgumu. Mzee Shija, mwenye uchochoro ule mwembamba, alisimama akiwa amekunja uso.

"Mimi sitoi hata unyayo mmoja," alisema. "Kwanza wewe Bujiku ndiye uliyetuambia tunanyang'anywa."

"Ni mimi," Bujiku alijibu. "Nilisema hapa mbele yenu, na mlinipigia makofi. Nilikosea. Nilikumbatia upenyo ule, karibu nimzike mke wangu. Leo natoa hatua nane za eneo langu. Simpi mtu mwingine. Nampa Milembe njia ya kutoka, na mkeo pia, mzee Shija."

Mke wa mzee Shija, aliyekaa upande wa wanawake, alisimama. "Andika jina letu, dada," alimwambia Goodness. Mzee Shija alimtazama mkewe, kisha akatazama chini. Hakumpinga.

Siku hiyo familia arobaini na mbili ziliweka sahihi. Wengine walivunja uzio, wengine walisogeza mabanda. Mayu Kwandu alitoa ua wake wa mbele. Kazi ya kuchimba mkondo walifanya kwa zamu, kila Jumamosi, wanaume na wanawake. Bujiku na vijana sita wa mtaa walifyatua matofali ya kujengea kingo mahali penye mteremko mkali. Wengine wote walipanda ukoka. Milembe naye, alipopata nguvu, alianzisha kitalu cha miche pamoja na wanawake wenzake. Miche ya kwanza ilipandwa korongoni. Ya pili walianza kuwauzia watu wa mitaa mingine.

Wapimaji walikuja, wakaweka mawe ya mipaka. Hati zilichukua miezi mingi, na watu walilalamika, lakini zilikuja.

Mvua za mwaka uliofuata zilianza kwa ukali. Mchana mmoja mbingu ilifunga, radi ikapiga, maji yakaanza kumiminika. Bujiku alitoka nje bila koti. Milembe alisimama mlangoni amembeba Kabula, na uso wake ulikuwa na hofu ile ile ya mwaka jana.

Maji yalikuja. Yalikuja mengi kuliko mwaka jana, mekundu, yamebeba vijiti na chupa. Yaliingia kwenye mkondo. Yalipanda hadi nusu ya kingo. Yakapanda tena. Bujiku alishusha pumzi, akazishika tena. Ukoka ulilala chini kwa nguvu ya maji, lakini haukung'oka. Maji yalikata kona, yakapita kati ya nyumba mbili, yakateremka korongoni. Ukingo ulikaa.

Alisimama pale mpaka mvua ilipopungua kuwa manyunyu. Ndani ya nyumba yake sakafu ilikuwa kavu. Aliangalia upande wa pili. Sakafu ya Mayu Kwandu nayo ilikuwa kavu, na bibi mwenyewe alikuwa anatoka mlangoni, amejifunika kanga kichwani. Alipita kwenye kivuko kidogo walichojenga juu ya mkondo, polepole, maji yakinguruma chini ya miguu yake.

"Unakwenda wapi na mvua hii, mayu?" Bujiku aliuliza.

"Nakuja kwenu," alisema. "Nimepika viazi, na nina hamu na mjukuu wangu. Mpishe mtu mzima apite."

Bujiku alimpisha.